Shangazi, nimwandike mama mdogo?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana wa darasa la 12 walioko Marekani na wazazi wao. Nimechagua mbili kati yake, na ya tatu imetoka Dar es Salaam. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nimeliona tatizo lake mara nyingi mno, Jumamosi ninapokaa na vijana maktaba kuwasaidia kujaza FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za chuo.

Shikamoo Shangazi. Niko Louisville, Kentucky, darasa la 12. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wazazi wangu walitoka Fizi. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Baba alirudi Kongo kutafuta ndugu zake na hakuonekana tena. Hatujui kama yuko hai. Amenilea mama mdogo, na ndiye niliyekuja naye huku mwaka 2017. Namwita mama, na shuleni kila karatasi imeandikwa yeye ndiye mzazi wangu. Nilipoanza FAFSA nikamweka yeye. Akatumiwa barua pepe afungue akaunti, aweke namba yake ya soshali, ile ya utambulisho wa serikali, na akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe. Amekataa. Anasema ana watoto wake watatu, anafanya kazi ya ghala usiku, ameomba uraia, hataki jina lake liingie kwenye deni. Tuligombana na sasa tunaongea mambo ya chakula tu. Kaunsela ameniambia bila mzazi kukubali sitapata hela. Jefferson Community and Technical College wamenikubali, University of Louisville bado nasubiri. Nimbembeleze tena, au niache chuo nikafanye kazi naye ghalani?
*Binti wa Nyarugusu*

Marahaba mwanangu. Usimbembeleze. Mama yako mdogo hatakiwi kwenye fomu hiyo kabisa.

Ukikutana na neno mzazi kwenye FAFSA, ujue linamaanisha aliyekuzaa, au aliyekuasili kwa amri ya mahakama, au mtu aliyefunga ndoa na mzazi wako huyo. Basi. Bibi hayumo, shangazi hayumo, mjomba hayumo, kaka mkubwa hayumo, hata kama ndiye aliyekubeba mgongoni na kukulipia kila kitu. Kwetu mdogo wa mama ni mama. Mimi nimezaliwa Ujiji na nimelelewa na mama mkubwa. Ningemwita jina lingine lolote angedhani nimemkana. Kwa hiyo ulipoona swali la mzazi ukamwandika aliyekulea, ulijibu kama lugha yako ilivyokufundisha. Hukusema uongo. Lakini ukiituma hivyo na kuweka sahihi, fomu itakuwa na taarifa isiyo kweli, na mshahara wa ghala wa mama yako mdogo utahesabiwa kana kwamba ni wa kukusomesha wewe, wakati una wadogo watatu nyuma yako.

Kwa hiyo leo, kabla hujafanya jingine, ingia studentaid.gov, rudi kwenye sehemu inayouliza hali yako binafsi, uyasome maswali polepole. Hiyo ndiyo sehemu inayoamua kama wewe ni mwanafunzi tegemezi au mwanafunzi anayejitegemea. Vijana wengi huipita mbio kwa sababu maswali yanaonekana ya watu wengine: umeolewa, una mtoto, umekuwa jeshini. Yako yamo humo humo.

Swali la yatima linauliza kama, wakati wowote tangu ulipotimiza miaka 13, wazazi wako wote wawili walikuwa wamefariki. Usitie alama hapo. Najua moyoni mwako jibu limeshakuwa ndiyo, lakini baba yako hujui aliko, na kutojua aliko si sawa na kujua amekufa.

Swali la mlezi wa kisheria linahitaji umuulize mama yako mdogo kwa upole: je, tangu mfike Kentucky, kuna siku alikwenda mahakamani akapewa karatasi ya ulezi wako, yenye jina la jaji na namba ya kesi? Familia nyingi zilielekezwa kufanya hivyo ili mtoto aandikishwe shule au atibiwe, kisha karatasi ikawekwa chini ya godoro na kusahauliwa. Fomu ya shule haitoshi, wala barua ya shirika lililowapokea. Lazima iwe amri ya mahakama. Ikiwepo, jibu ndiyo, utahesabiwa kuwa unajitegemea, na chuo kitakuomba nakala.

Kama haipo, liko swali la hali isiyo ya kawaida. Linauliza kama huwezi kuwasiliana na wazazi wako, au kuwasiliana nao kungekuhatarisha. Katika mifano ya hali hizo wametaja kuachwa na mzazi, kuwa na mzazi gerezani, na kupewa hifadhi ya ukimbizi. Mwanangu, hapo ni mahali pako. Ukijibu ndiyo, fomu itakuruhusu kuituma bila taarifa za mzazi, na utahesabiwa kwa muda kuwa unajitegemea, hadi chuo kitakapoamua.

Hayo maneno ya mwisho usiyapuuze. Anayeamua ni ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, na kila chuo kinaamua chenyewe. Jefferson wakikubali, University of Louisville nao watataka kuona makaratasi yako. Wengi hutuma fomu wakadhani wamemaliza, wakasubiri, na barua ya chuo inayoomba ushahidi ikakaa bila kusomwa kwenye sanduku la barua pepe ambalo hawafungui. Fungua barua pepe yako kila siku hadi jambo hili liishe.

Ushahidi wenyewe ndio huu. Andika maelezo yako ya ukurasa mmoja, bila mapambo: mama alifariki mwaka gani na wapi, baba aliondoka mwaka gani, mara ya mwisho mlisikia habari zake lini na kutoka kwa nani, mmejaribu kumtafuta vipi, umeishi na nani tangu hapo. Kama tarehe huijui, andika mwaka. Kama mwaka huna hakika nao, andika ulikuwa darasa la ngapi. Usiongeze machozi na usipunguze jambo. Kisha tafuta karatasi yoyote ya safari yenu inayoonyesha uliandikishwa kama mpwa wa mama yako mdogo, si mtoto wake. Omba barua kwa mtu aliyewahudumia kwenye shirika lililowapokea, na nyingine kwa kaunsela wako. Kaunsela hakukudanganya, anaona makaratasi ya shule yanasema una mzazi nyumbani, hakuna aliyemweleza. Mweleze. Mchungaji au mwalimu anayeijua habari yenu naye anaweza kuandika.

Barua ya mama yako mdogo ndiyo nzito kuliko zote. Aiandike kwa Kiswahili kama anavyoongea, mtu mwingine aifasiri, zote mbili zipelekwe pamoja. Hapo hatoi namba ya soshali wala taarifa za kodi. Anasema tu: huyu ni mtoto wa dada yangu, dada alifariki, shemeji hajulikani aliko, nimemlea mimi.

Ofisi ikikubali, huna haja ya kuanza upya kila mwaka katika chuo hicho hicho, isipokuwa hali yako ibadilike.

Sasa kuhusu pesa. Fomu ya mwaka wa masomo 2026–27 ilifunguliwa mwishoni mwa Septemba 2025 na inaangalia kodi za mwaka 2024. Mwaka huo, kama wewe mwenyewe hukuwa na kipato cha kukulazimu kufanya kodi, yaani kupeleka hesabu za kodi serikalini, na umehesabiwa kuwa unajitegemea, hesabu yao ya uwezo wako inashuka hadi chini kabisa, hasi 1,500. Hapo unapata ruzuku ya Pell kamili, msaada wa serikali ya shirikisho, ambayo kwa mwaka wa 2025–26 ilikuwa dola 7,395. Pell hairudishwi. Kwa chuo cha jamii kama Jefferson mara nyingi inatosha karo na kubaki kidogo cha vitabu na basi. Kwa University of Louisville haitatosha peke yake, utahitaji na msaada wa chuo chenyewe.

Kentucky nayo ina yake. Ruzuku ya CAP inatolewa kwa wanaotangulia hadi fedha ziishe, ndiyo maana nakuhimiza utume fomu wiki hii na makaratasi yafuate, usisubiri ushahidi ukamilike ndipo utume. Na kama wastani wako wa alama ulikuwa 2.5 au zaidi, umekuwa ukijikusanyia pesa za KEES, tuzo ya jimbo kwa alama nzuri, kila mwaka wa sekondari, pengine bila kujua. Muulize kaunsela akuonyeshe.

Mambo mawili madogo yanayowakwamisha sana watu wetu. Jina kwenye akaunti yako liwe kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, herufi kwa herufi. Kwetu ndugu wa tumbo moja huwa na majina matatu tofauti, na makarani wa safari wakapanga walivyopanga. Usilirekebishe kwenye fomu, lifuate la kadi. Tarehe ya kuzaliwa vilevile: kama kadi inasema 1 Januari, andika 1 Januari, hata kama mama yako mdogo anakumbuka ulizaliwa msimu wa mahindi. Na kwenye swali la uraia, jaza kwamba si raia lakini unastahili, uweke namba ya A, yaani namba yako ya uhamiaji, iliyo kwenye grini kadi yako ya ukaazi.

Umesema mnaongea ya chakula tu. Kesho akirudi kutoka kazini, kabla hajalala, mwambie maneno haya: nilikosea, jina lako halitakiwi, nimelitoa. Anayefanya kazi usiku ghalani na anasubiri uraia anaogopa kila karatasi yenye jina lake, na ana haki ya kuogopa. Halafu mwombe ile barua. Ghala litakuwepo siku zote, mwanangu. Ninataka kukuona chuoni Agosti, na ukipata jibu la ofisi, zuri au baya, niandikie.

Assalaam alaykum Bi Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naendesha gari la mizigo, familia yangu iko Columbus, Ohio. Mwanangu wa kiume yuko darasa la 12, kijana wa alama nzuri. Shule inanisukuma nisaini FAFSA. Sisi hatuchukui mkopo wa riba, na nimemwambia mwanangu Allah atafungua mlango mwingine. Mama yake anasema mimi ndiye ninayeufunga. Tena nina kiwanja Kilifi, na kila mwezi natuma hela kwa wazazi wangu. Je, hayo yanahesabiwaje?
*Baba wa Columbus*

Waalaykumu salaam, kaka yangu. Nimeliishi suala hili nyumbani kwangu, kwa hiyo nakuheshimu ninapokwambia: FAFSA si mkopo. Ni maombi. Kuisaini hakukufungi kwenye riba yoyote.

Kijana akishakubaliwa, chuo kitamletea barua yenye mistari kadhaa. Kuna ruzuku kama Pell, na ruzuku ya jimbo la Ohio, hizo hazirudishwi. Kunaweza kuwa na kazi ya chuoni, anafanya saa chache kwa wiki na kulipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote. Halafu kuna mikopo. Kwa mwanafunzi tegemezi wa mwaka wa kwanza mkopo wa serikali hauzidi dola 5,500. Katika hizo, hadi 3,500 serikali hubeba riba yake wakati kijana bado anasoma, lakini miezi sita baada ya kumaliza riba inaanza kuhesabika, basi usije ukaambiwa kwamba haina riba. Kila mstari una sehemu yake ya kukubali au kukataa. Kubalini ruzuku na kazi, kataeni mikopo, na hakuna atakayewanyang'anya ruzuku kwa sababu hiyo. Vyuo vingine huweka humo humo mkopo wa mzazi na kuujumlisha na misaada, ukaona chini kabisa imeandikwa sifuri kana kwamba huna cha kulipa. Chukua kalamu, kata mikopo yote, ujumlishe upya.

Bila fomu hii hapati Pell, hapati ruzuku ya jimbo, na vyuo vingi havimpi hata pesa zao wenyewe. Mama yake ameona sawa. Hukumu ya mkopo wenyewe iko kwa masheikh, na hapo sikuingilii.

Binti yangu alipoanza mwaka 2018 tulikataa mikopo. Miaka miwili ikaenda kwa Pell, kazi ya maktaba ya chuo na mfuko wangu. Mwaka wa tatu tukapungukiwa dola 1,900. Nilikwenda ofisi ya mhasibu wa chuo na kuuliza kama tunaweza kulipa kidogo kidogo. Kumbe utaratibu upo, tukalipa kwa miezi mitano, tukatozwa ada ndogo ya kujiandikisha bila riba. Hakuna aliyewahi kunitajia hadi nilipouliza. Njia nyingine kwenu ni kuanza Columbus State miaka miwili. Karo yake ni ya chini sana, na kuna njia rasmi ya kuhamia Ohio State baadaye.

Kama wewe na mkeo mnafanya kodi pamoja, anatakiwa mmoja wenu tu kwenye fomu. Usipokubali taarifa za kodi zichukuliwe, kijana hastahili msaada wa serikali ya shirikisho hata senti, kwa hiyo sehemu hiyo usiiache wazi.

Kiwanja cha Kilifi: nyumba mnayoishi haihesabiwi, lakini ardhi nyingine ni mali, iwe Ohio au Kilifi. Familia nyingi za kipato cha chini haziulizwi mali kabisa. Ukiulizwa, andika thamani yake ya leo kwa dola, ukiondoa deni lake kama lipo. Watu watakwambia hakuna atakayejua. Unaweka sahihi chini ya onyo la sheria, na mtoto wako ndiye atakayerudisha pesa.

Hela unazotuma nyumbani fomu haiziulizi, na mimi naona hilo ni dhuluma kwa watu kama sisi. Mzee wa Mombasa anayekula kwa mshahara wako haonekani kwenye hesabu yao. Lakini kama mwaka huu kipato chako kimeshuka kuliko 2024, au mmepata gharama kubwa ya matibabu, andikieni ofisi ya misaada ya chuo muwaombe waangalie upya, mkiambatanisha stakabadhi. Wana mamlaka hayo kisheria.

Na tafadhali, asikujazie mtu kwa malipo. Mwaka wa binti yangu nilimlipa mfanya-kodi mmoja dola 80. Akafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwaka uliofuata tulipotaka kuingia hatukuweza, yeye alikwisha hama mji, na tulipoteza wiki sita tukithibitisha kwamba mtoto ni yeye. Jina la fomu linaanza na neno linalomaanisha bure. Kijana wako ajaze mwenyewe, wewe ukae pembeni yake na chai.

Shangazi, nimemaliza kidato cha sita Dar es Salaam. Kuna wakala ananidai laki nne anijazie FAFSA ili nisome Marekani. Ni kweli?
*Mtarajiwa*

Usimpe. FAFSA ni ya raia wa Marekani na wachache wengine kama wenye grini kadi na wakimbizi. Wewe ungehitaji viza ya mwanafunzi, na mwenye viza hiyo hapati Pell wala mkopo wa serikali ya shirikisho, hata kama fomu imejazwa vizuri namna gani.

Msaada wako unatoka kwa chuo chenyewe. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, kwa mfano, hawaangalii uwezo wa mwombaji wa kigeni wanapoamua kumkubali, na wakimkubali wanaziba pengo lote la mahitaji yake. Kuingia huko ni kugumu sana, kwa hiyo orodha yako isiishie hapo. Vyuo vingi vidogo vya binafsi navyo huwapa wageni misaada, ila huangalia mfuko wako wakati wa kukuchagua. Baadhi hutumia fomu iitwayo CSS Profile, ambayo ina ada. Ukishindwa kulipa, andikia chuo uulize kama wana fomu yao ya bure kwa wageni.

Kabla ya lolote, nenda kwa washauri wa EducationUSA walio chini ya Ubalozi wa Marekani hapo Dar. Nenda na matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na karatasi uliyoandika kwa uwazi wazazi wako wanaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka, hata kama ni kidogo.